Zawadi ya Mwanagenzi: Tunavyoandaa Kikao cha Watoto Salgaa



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Bwana Mtume (S.A.W.), nawaandikia jamaa zangu wa pwani kutoka Salgaa. Wengi wenu mwaijua Salgaa kwa simu za usiku. Ni pale ambapo mume, kaka au ami hupiga akasema, "Tumeshafika Salgaa, twalala hapa." Ni kituo kilicho kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, kiasi cha kilomita 30 kupita mji wa Nakuru. Malori yanayopakia bandarini Mombasa yakielekea Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupanga safu hapa jioni, na alfajiri huondoka. Wanaosalia ni wenye maduka, wenye vyumba vya wageni, mafundi, na watoto.

Hao watoto ndio nitakaowazungumzia. Mimi husomesha chuo kidogo kilicho nyuma ya msikiti wa hapa, na kwa miezi kadhaa sasa, tukiwa watu sita, tumekuwa tukiandaa kikao cha elektroniki kwa wanagenzi. Neno hilo lisiwatishe. Elektroniki tunayoikusudia ni ule umeme mdogo wa betri, uwashao tochi na kuipa sauti redio. Mtoto huketi mbele ya waya, betri na kijitaa, akajua kwa mikono yake mwenyewe kwa nini taa huwaka na kwa nini huzima. Asubuhi ikiisha, hurudi kwao na zawadi.

Tulidhani kazi ngumu itakuwa kupata vifaa. Kumbe ugumu ulijificha katika hilo neno zawadi. Nimeona niyaandike yaliyotupata, ili atakayetaka kuandaa kikao kama hiki Majengo, Kisauni, Malindi au Lamu apaepuke pale tulipojikwaa.

Kikao cha kwanza

Mwaka jana tulifanya kikao cha kwanza. Tulibandika tangazo dukani na mlangoni mwa msikiti, tukasema kuwa atakayetangulia kuwasha taa atapewa mita ya kupimia umeme, tena mpya. Walikuja watoto 17. Hazikutimia dakika 10 mshindi akapatikana. Alikuwa mtoto wa fundi wa redio, aliyelelewa chini ya meza ya babake, akichezea rezista kama wenzake wachezeavyo mawe. Tulimpigia makofi, tukampa mita yake.

Wengine walitazamana. Wa kwanza kuondoka alikuwa mvulana wa miaka 12, kisha wawili wakamfuata, kisha watatu. Tulipofunga kikao walikuwa wamebaki watoto 6, na wote 6 walikuwa na mtu nyumbani wa kuwafundisha.

Yule mtoto hakumdhulumu mtu, alishinda kwa haki. Lakini tangazo letu lilisema kikao ni cha wanagenzi, na mwanagenzi hakupata kitu. Tulimwongezea aliyekuwa nacho, na asiyekuwa nacho akarudi na aibu juu ya umaskini wake. Siku ile hatukuliona hilo. Tulikunywa chai tukapongezana.

Taa ya volti 24

Mwaka huu tulitaka kutengeneza mambo. Tuliondoa shindano, na katika tangazo jipya nikaandika kwa mkono wangu kwamba kila mtoto aje na kitu kimoja kibovu kutoka nyumbani: redio, tochi, kichezeo, chochote. Nia ilikuwa watoto wafungue vitu, waone yaliyomo ndani, na watoe humo vifaa vya kufanyia majaribio. Nilijiona nimepata rai njema.

Haijapita wiki, akanijia baada ya sala ya Alasiri yule mvulana aliyeondoka mwanzo mwaka jana. Alishika kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Akasema, "Maalim, na mimi nimekuja na changu."

Alipofungua, ilikuwa taa ndogo ya rangi ya machungwa, bapa, nzuri. Alikuwepo jirani yetu, fundi wa umeme wa malori, ambaye si Mwislamu lakini ni mmoja wa sisi sita na ndiye mwenye ujuzi kutushinda sote. Aliichukua, akaigeuza, akasoma nyuma yake: volti 24. Akatazama ncha za nyaya. Shaba yake ilikuwa bado yang'aa.

"Ustadh," akaniambia polepole, "hii haijaharibika. Hii imekatwa."

Msomaji asiyejua mambo haya nimweleze. Gari dogo hutumia betri ya volti 12. Malori makubwa hutumia volti 24, ambazo hupatikana kwa betri mbili za volti 12 zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Katika nyumba za Salgaa hakuna kitu cha volti 24. Kila chenye volti hizo kimelala barabarani usiku, na mwenyewe amelala ndani ya kichwa cha lori.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

Hakusema uongo. Aliinamisha kichwa, akasema ameitoa kwenye trela lililolala hapo juzi usiku. Nikamuuliza sababu. Akajibu, "Tangazo limesema kila mtu aje na kitu kibovu cha nyumbani. Nyumbani hatuna kitu kibovu, Maalim. Hatuna redio."

Ndugu msomaji, nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka 25, na jibu hilo bado sijalimaliza. Wizi ni wizi, na mtoto wa miaka 12 anajua kipi ni chake na kipi si chake. Lakini tangazo lilikuwa la mkono wangu. Mimi nilihesabu kitu kibovu kuwa si kitu. Sikukumbuka kwamba kitu kibovu ni mali ya aliyewahi kuwa na kizima. Mtoto huyu mwaka jana alijiona hana nafasi kwa kuwa hajui, na mwaka huu nikamwandikia tena kwamba hana nafasi kwa kuwa hana. Akaenda kuitafuta nafasi gizani.

Thamani ya taa ndogo

Huenda mtu akasema, ni taa tu. Kwa barabara hii, sivyo. Tarehe 31 Januari 2009, karibu na hapa, Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuyachota yale mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Tarehe 31 Desemba 2017, kwenye mteremko wa Migaa, basi liligongana na lori, na watu 36 wakapoteza maisha alfajiri ya siku ya mwisho ya mwaka. Sisemi kuwa misiba hiyo ilitokana na taa. Nasema kwamba wakazi wa hapa wanajua lori likikosea linafanya nini.

Zile taa za ubavuni mwa trela humwonyesha dereva mwingine, usiku, trela linaanzia wapi na linaishia wapi. Ikikosekana moja, pana sehemu ya chuma isiyoonekana inayopita gizani. Niliyaeleza haya kwa yule mtoto bila kumkemea. Nikamwambia katika trela lile huenda yumo baba wa mtoto kama yeye, na katika gari dogo linalokuja mbele yumo mwingine. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Nilipotaja wizi hakuwa amelia.

Mali ya mtu hurejeshwa kwa mwenyewe. Katika hilo hakuna mjadala. Mtoto alilikumbuka turubai la trela na rangi ya kichwa chake, na madereva wana njia zao za kuulizana. Siku ya tisa lori lilirudi likitoka Kampala. Dereva ni mtu wa Miritini. Fundi alisimama na tochi, na mtoto akairudisha taa kwa mikono yake: waya mmoja uletao umeme, na waya wa pili uendao kwenye ardhi, yaani bodi la gari. Mamake alisimama nyuma, mkono wa leso mdomoni.

Taa ilipowaka, dereva aliinama akavuta nyaya moja moja. Akamuuliza mtoto, "Ardhi umeikaza?" Mtoto akajibu, "Ndiyo, baba." Dereva akapanda, akaondoka. Hakumpa mkono, wala sikumlaumu.

Mama ameniruhusu niyaandike haya kwa sharti la kutotaja jina, na kwa sharti la pili alilolisema mwenyewe: niandike pia kuhusu tangazo. Nimetimiza yote mawili.

Kamari na kura

Tuliporudi kwenye maandalizi, kijana mmoja wetu alitoa rai. Kila mtoto alipe shilingi 50, kisha tupige kura, na atakayetoka jina lake apate zawadi moja kubwa. Kwa njia hiyo fedha zingepatikana, na zawadi isingemwendea anayejua peke yake.

Nilimshukuru kwa nia yake, nikamweleza yafuatayo, nami nayaweka hapa kwa sababu michezo ya namna hii imeenea katika sherehe zetu. Watu wakitoa fedha ili kila mmoja apate bahati ya kuzipata za wenzake, akapata mmoja na wengine wakapoteza, hiyo ni kamari, hata ikiitwa kwa jina la kielimu na hata shilingi zikiwa chache. Kura yenyewe haina kosa. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri, ili haki ionekane. Zawadi ikitolewa na mfadhili, na mshiriki asilipe chochote, wanazuoni wengi wameiona kura ya hivyo kuwa yajuzu. Wallahu aalam.

Hata hivyo tuliiacha pia hiyo iliyo halali. Watoto 24, zawadi moja: mmoja atacheka na 23 watajifunza kwamba bahati si yao. Wengi wao wameshajifunza hilo mapema mno.

Mzee mwingine aliuliza swali la haki: msikiti una shughuli gani na waya? Nilimkumbusha Nabii Daudi (A.S.), ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akamfundisha kutengeneza mavazi ya vita. Nikamtajia pia Al-Jazari, fundi Mwislamu aliyemaliza mwaka 1206 kitabu chake kikubwa cha mitambo, chenye saa za maji na vyombo vya kupandishia maji kisimani, kila kimoja kikielezwa hatua kwa hatua ili mwingine aweze kukitengeneza. Ufundi ulikuwa jirani wa chuo tangu zamani, na mtu aliyeandika ili mwanagenzi aelewe alihesabiwa kuwa ametoa sadaka.

Tulivyoamua

Baada ya hayo tulikubaliana mambo manne.

La kwanza, mtoto asiombwe kuja na chochote. Aje na mikono safi. Vitu vibovu vitaletwa na watu wazima, kwa ruhusa ya wenyewe.

La pili, zawadi itolewe mwanzo wa kikao, na iwe sawa kwa wote. Ikitolewa mwisho huwa ujira wa aliyetulia au aliyefaulu, na yule aliyeshindwa huwa ana hesabu ya kuondoka mapema. Ikitolewa mwanzo, mtoto hufanyia kazi kitu ambacho tayari ni chake. Taa atakayoiwasha mbele yetu ndiyo atakayoiwasha kwao jioni.

La tatu, vyombo vya bei viwe wakfu. Mita, chuma cha kulehemu, koleo na bisibisi vitakaa katika sanduku moja chuoni, na daftari la kuazimia. Kijana mmoja wa Nairobi ametutolea ubao wa Arduino, ile kompyuta ndogo iliyoanzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasio mafundi. Ni chombo kizuri, lakini huhitaji kompyuta ya kukiandikia maagizo, na katika nyumba nyingi za hapa haipo. Angepewa mtoto mmoja, kingelala kabatini. Kikiwa wakfu, kitangoja kila mtoto afikie daraja yake.

La nne, mlango uwe wazi kwa watoto wa majirani zetu wa dini zote, na kwa mabinti sawa na wavulana. Mabinti watakuwa na meza zao na mama mmoja wa kuwaongoza, ambaye hutengeneza tochi na taa za sola dukani kwake. Na zawadi isiwe chambo. Hatutamtaka mtoto wa jirani asome kitu wala aseme kitu ili apewe kifurushi.

Lilibaki la yule mvulana. Mmoja wetu alisema aliyeiba asipewe zawadi, wenzake wasije wakadhani wizi hulipwa. Mwingine alitaka asimame mbele ya wenziwe aeleze toba yake. Nilisema kwamba mali imerudi kwa mwenyewe, mtoto amekiri na amelia, na sitiri ni haki ya Mwislamu na jirani. Atapata kifurushi kama cha wenzake, pasi na nyongeza wala upungufu, na jambo lake halitatajwa. Yule wa kwanza hakuridhika, na hoja yake ina uzito. Nami sidai kuwa nimeishinda. Amesema atakuja akae meza moja na mtoto huyo. Nimeona hilo lanitosha.

Yaliyomo katika kifurushi

Kikao ni asubuhi moja ya Jumamosi katika likizo ya Agosti, kuanzia saa tatu hadi karibu na adhana ya Adhuhuri. Patakuwa na meza 4 za watoto 6, na kila meza mtu mzima mmoja. Tumefunga vifurushi 30, kwa sababu daima huja mdogo wa mtu ambaye hakualikwa.

Ndani yake mna taa mbili nyekundu za LED, rezista mbili za omu 100, kibebeo cha betri mbili ndogo za rimoti pamoja na betri zake, swichi moja, nyaya tatu zenye vibanio, na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili yenye picha. Vyote vimetoka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ambako mafundi wengi hununua.

Kila kimoja kina sababu yake. Betri moja ina volti 1.5, kwa hiyo mbili hufanya volti 3. Taa nyekundu hutumia kiasi cha volti 2. Inabaki volti 1, ambayo huachiwa rezista. Gawanya 1 kwa 100, upate ampea 0.01, yaani miliampea 10, kiasi kinachotosha taa kung'aa bila kuungua. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hiyo, na akiifanya huona kwamba hesabu ya shuleni imewasha taa. Nyeupe tuliziacha, maana hutaka karibu volti 3 nzima, na betri zikichoka kidogo tu hufifia, mwanagenzi akadhani kosa ni lake.

Mguu mrefu wa taa huelekea upande chanya wa betri. Ukigeuza, haiwaki, wala kwa volti 3 haidhuriki. Hilo tumelipenda mno. Mwanagenzi anahitaji chombo kinachomwacha akosee, kisha akageuza akapata. Rezista ya omu 100 hutambulikana kwa mistari yake: kahawia, nyeusi, kahawia, kisha mstari wa mwisho wa kiwango cha usahihi. Mtoto akishayajua hayo, ameanza kusoma herufi za fani hii.

Sharti la zawadi ni moja: kabla ya kikao kijacho, kila mtoto amfundishe mtu mmoja wa nyumbani kwao kuiwasha ile taa. Hatutamkagua. Atatueleza mwenyewe alimfundisha nani na huyo alikosea wapi.

Hadhari kwa wazazi

Yapo mambo ambayo mzazi popote alipo ayajue. Betri bapa za mviringo, zile kama sarafu zilizomo katika saa na vichezeo, hatukuzitia katika vifurushi kwa makusudi. Mtoto mdogo akimeza moja ikamkwama kooni, yaweza kumchoma ndani kwa muda wa saa mbili. Akimeza, msimtapishe, mkimbizeni hospitali mara moja, hata kama aonekana mzima.

Umeme wa ukutani, ambao huku kwetu ni volti 240, hautaguswa katika kikao. Kulehemu kutafanywa na mtu mzima peke yake, watoto wakitazama kwa mbali, kwa sababu chuma kile huunguza na waya wake wa kulehemu mara nyingi una madini ya risasi. Kila aliyeushika atanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mahamri.

Mtoto wa Kitengela

Atakayeuliza kama vitaa hivi vina faida, namtajia mtoto wa Kenya hii hii. Richard Turere alikulia Kitengela, pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, akichunga ng'ombe wa babake. Simba walikuwa wakivuka usiku na kuwaua mifugo. Akiwa na umri wa miaka 11 alijaribu moto, usifae. Alijaribu sanamu ya mtu, na simba wakaizoea. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea.

Alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji, kifaa cha indiketa kutoka pikipiki, na taa za tochi zilizovunjika. Akazifunga kuzunguka zizi zikawaka kwa kupokezana, simba akadhani kuna mtu anayezunguka. Majirani wakamwomba awafungie na wao. Mwaka 2013 alisimama Marekani, katika mkutano wa TED, akieleza uvumbuzi wake, na kabla ya hapo alikuwa amepata ufadhili wa masomo katika shule kubwa ya Nairobi.

Msingi wake wote ulikuwa nini? Aliifungua redio mpya ya mamake hadi ikabaki vipande. Mama yule alikasirika, kama ambavyo yeyote kati yetu angekasirika. Lakini nalitazama jambo hili kwa jicho jingine tangu siku ya ile taa ya machungwa. Turere alikuwa na redio ya kuvunja. Wapo watoto wenye akili hiyo hiyo na mikono hiyo hiyo ambao nyumbani kwao hakuna redio, na sisi ndio wa kuwapa cha kufungua kabla hawajakifuata barabarani.

Ombi langu

Kijarida hiki hunifikia kwa mikono ya madereva, nami naomba mikono hiyo hiyo ituletee mlivyoviweka. Tunahitaji redio za betri zisizosema, tochi zilizokufa, vichezeo vyenye mota, nyaya, na bisibisi ndogo. Msitutumie televisheni za zamani zenye tyubu, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme mkali hata zikizimwa, wala betri za simu zilizovimba, maana huweza kushika moto safarini.

Kila kitu kije na idhini ya mwenyewe. Kama ni cha babu, babu aulizwe. Kama ni cha mpangaji aliyehama, asubiriwe. Andikeni katika karatasi kwamba mwenyewe ameridhia, hata kwa mstari mmoja. Karatasi hizo tutazibandika ukutani chuoni, watoto wazione. Nataka wajue kwamba kila waya watakaoushika umetoka mkononi mwa mtu aliyeutoa kwa radhi.

Na mkimpigia simu dereva wenu akawaambia yuko Salgaa, mwambieni atembee hatua chache hadi msikitini asubuhi ile ya Jumamosi. Tumebakiwa na kiti kimoja katika meza ya tatu, na mtoto mmoja huko anayeweza kumfunga taa ya ubavuni na kukaza ardhi yake.

Mwenyezi Mungu azipokee juhudi zetu, awalinde wasafiri wetu, na aijaalie zawadi yetu iwe ya halali na yenye baraka.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.